Waliokaa na Mgonjwa

Mwaka 1949 daktari Leader Stirling alihama kanisa. Kwa mmisionari wa zama hizo, hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa Mwanglikana wa misheni ya UMCA, na tangu mwaka 1935 alikuwa akipasua wagonjwa Lulindi, upande wa Masasi, katika hospitali iliyoanza kwa udongo, miti na nyasi. Akawa Mkatoliki, akakusanya visu vyake vya upasuaji, akahamia Mnero, misheni ya Wabenediktini huko Nachingwea. Miaka tisa baadaye aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, chama ambacho Waingereza wenzake wengi walikitazama kwa jicho la mashaka. Mwaka 1975 Rais Nyerere akamfanya Waziri wa Afya.

Nini kilimtoa daktari huyu chumba cha upasuaji kikampeleka bungeni? Jibu jepesi ni dini. Tatizo la jibu hilo ni kwamba Uingereza ilijaa Wakatoliki wasiojali kabisa kama Tanganyika itajitawala lini, na Tanganyika ilikuwa na wamisionari wazuri, wacha Mungu, walioamini kwamba Mwafrika bado hajawa tayari. Wote walisali sala zile zile. Wote waliungama kwa padri.

Wanaoandika juu ya dini na siasa Tanzania hupenda kuanzia juu: maaskofu wametoa waraka gani, BAKWATA imesema nini, Mwalimu alimjibu nini nani. Mtu akikaa katika nchi hii ya Wamwera, kati ya mikorosho na mashamba ya ufuta ya Mnero, Matambarale na Mnacho, ataona ni afadhali kuanzia chini, kwenye kitanda cha mgonjwa na mkeka wa matanga. Historia ya hapa inaonyesha kwamba imani inapomwinua mtu aliyeanguka, siasa anayoinuka nayo hutokana zaidi na watu waliokaa naye chini kuliko na aya alizosomewa. Dai hilo lina mahali linaposhikilia na mahali linapochanika, na Nachingwea pamoja na Ruangwa zina mifano ya pande zote mbili.

Kuanguka kwenyewe kulianza mbali. Mwaka 1904, huko Ngarambe upande wa Rufiji, Kinjikitile Ngwale alianza kutoa maji ya dawa. Watu walikwenda kwake kwa makundi, wakirudi makwao na uhakika wa aina mbili: kwamba wazee wao waliokufa hawako mbali, na kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa ilikwisha kumtangulia. Katikati ya mwezi huo Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne wa Kibenediktini waliuawa katika nchi ya Liwale. Mwishoni mwa mwezi misheni ya Nyangao ilishambuliwa, Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Lukuledi nayo ikachomwa. Wamwera walikuwa ndani ya vita hivyo kwa miguu yote miwili.

Jibu la Wajerumani halikuwa risasi peke yake. Walichoma maghala na mashamba, wakaiachia njaa imalize kazi. Makadirio ya serikali yao yalikuwa watu 75,000 waliokufa; wanahistoria wa baadaye, akiwamo Gilbert Gwassa, wamekwenda hadi 250,000 na zaidi. Kabla majivu hayajapoa ikaja Vita Kuu. Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya von Lettow-Vorbeck yalichinjana Mahiwa, karibu na Nyangao, na vijana wa Kusini ambao baba zao walikufa Maji Maji wakabebeshwa mizigo ya pande zote mbili.

Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1895 na akabahatika kufika 1920 alikuwa ameona nchi yake ikivunjwa mara mbili. Zaidi ya hayo alikuwa ameona imani ikivunjika. Dawa ilishindwa. Hilo ni jeraha la namna yake, kwa sababu aliyeshindwa vitani anaweza kumlaumu jemadari. Aliyeambiwa maji yatamkinga na yasimkinge, amlaumu nani? Wengine walisema masharti hayakufuatwa: fulani alilala na mkewe, fulani alipora. Lawama hizo walijitwika wenyewe, kama ilivyo kawaida ya waliofiwa.

Ndipo likaja jambo ambalo mtawala hakulitegemea. Badala ya kujikunyata, watu wa bara la Lindi waliingia katika Uislamu kwa wingi. Mwanahistoria Felicitas Becker, aliyezunguka vijiji vya Lindi na Mtwara akizungumza na wazee, ametoa kitabu kizima juu ya hilo mwaka 2008, na anachokionyesha kinapingana na picha ya sheikh mkubwa anayeshuka kutoka pwani kuwasilimisha washamba. Kwa sehemu kubwa watu walijisilimisha wenyewe. Mmoja alikwenda Lindi au Kilwa kufanya kazi au kuuza kitu, akarudi anajua kuswali na anajua sura chache. Kijiji kikajenga msikiti wa miti na makuti. Mwalimu wa madrasa alikuwa mjomba wa mtu.

Kwa nini Uislamu? Pwani ilikuwa na tabia ya kuwaita watu wa bara washenzi, na kabla ya hapo iliwauza. Mtu aliyesimama safu moja na Mswahili wa Lindi, bega kwa bega, nyuma ya imamu mmoja, alikuwa amelivua jina hilo bila kupigana. Na kulikuwa na dhikiri. Tarika ya Qadiriyya iliingia kwa nguvu, na dhikiri yake haihitaji mtu awe msomi. Wanaume husimama duara, wameshikana mikono, miili inakwenda mbele na nyuma, pumzi inatolewa kutoka kifuani kwa pamoja hadi jina la Mwenyezi Mungu linabaki mvumo tu. Ubani unafuka katikati, na anayesoma kasida anaipandisha sauti pale anapoona wenzake wanalegea. Atakayesema kwamba hiyo si tiba hajawahi kuisimamia hadi usiku wa manane. Waliopoteza ndugu, mashamba na dawa yao walipewa pumzi ya kuvuta pamoja.

Wajerumani waliona siasa pale. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilizuka Lindi na kuenea vijijini, ikiwaonya waumini kwamba kiyama kimekaribia na kuwataka watubu. Serikali ikahofia Maji Maji ya pili. Masheikh wakakamatwa, jina la Rumaliza, yule Barwani mfanyabiashara na mpiganaji wa zamani wa Ujiji, likatajwa. Ukiisoma habari hiyo leo unaona watu waliokuwa wakitafuta toba na serikali iliyokuwa ikitafuta bunduki. Vita havikuja. Watu waliendelea kusali.

Hapa ndipo dai la awali linapojaribiwa mara ya kwanza. Imani ile ile, tarika ile ile, ilizaa utulivu mwaka 1908 na ukaidi mwaka 1955. TANU ilipofika Jimbo la Kusini, kikwazo chake kikubwa kilikuwa kumbukumbu. Wazee waliolelewa katika njaa ya Maji Maji hawakutaka kusikia habari ya kumpinga Mzungu, walijua inakoishia. Mohamed Said, katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, ameandika jinsi Lindi ilivyopata watu wa kuondoa hofu hiyo, na anamtaja Sheikh Yusuf Badi, mwanazuoni aliyesimama na TANU. Hoja ya sheikh inayoheshimiwa haikuwa lazima iwe ya kitabuni. Ilitosha watu waone kwamba aliyewazikia wazazi wao na kuwasomea hitma amekata kadi.

Said ana hoja yake kubwa zaidi, kwamba mchango wa Waislamu katika uhuru umefutwa kwenye historia rasmi, na wapo wanaomwona ameizidisha. Kwa Kusini, hata hivyo, ni vigumu kumbishia. Aliyetaka mkutano katika kijiji cha bara la Lindi mwaka 1955 angeuitisha wapi, kama si kwa watu ambao tayari walikuwa na mahali pa kukutania, wasemaji waliozoea kusikilizwa na sanduku la kuchangia mazishi?

Desemba 1956 Nyerere alisimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, New York, akaitaja Maji Maji. Aliieleza kamati kwamba watu wale walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba Mzungu ana haki ya kuwatawala na kuwastaarabisha, na kwamba hawakusukumwa na kiapo cha ushirikina. Ilikuwa hotuba ya mwanasiasa hodari. Kwa mwanahistoria wa dini ni hotuba ya kushangaza kidogo: Mkatoliki aliyekuwa akihudhuria misa kila alipopata nafasi aliiondoa dawa kwenye vita vya dawa. Alikuwa na sababu. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari na neno kiapo lilitosha kuwatia hofu wajumbe. Lakini waliokunywa maji ya Ngarambe hawakuyanywa kama ishara ya utaifa. Waliyanywa kwa sababu waliyaamini.

Upande wa misheni hadithi ilikwenda kwa njia yake. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, aliichukua desturi ya jando na kuiingiza ndani ya Kanisa: vijana wa Kikristo wakatahiriwa porini, wakafunzwa, wakarudishwa kwa nderemo, kasisi akiwa mahali pa ngariba mkuu. Wakatoliki wa Ndanda walikuwa wakali zaidi kwa mila, lakini walikuja na hospitali. Daktari Sista Thekla Stinnesbeck alifika mwaka 1926, na wenye ukoma wakapata makazi Mwena. Ukoma katika vijiji vingi ulimaanisha kutolewa nje ya watu. Mwena mgonjwa alipata bandeji na pia jirani. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, alipita katika shule za nchi hii ya misheni kabla ya kuwa rais, na kwenye kumbukumbu zake za mwaka 2019 alikiri kwamba mauaji ya Januari 2001 Zanzibar yalibaki kuwa doa la urais wake. Kuna wanaosema maungamo hayo yalichelewa. Ni kweli. Marais wangapi wengine wa eneo hili wameandika la namna hiyo?

Turudi kwa Stirling. Kule Lulindi aliwafunza uuguzi vijana ambao serikali ya kikoloni isingewaona. Alipasua ngiri, akakata viungo vilivyooza, akazalisha, akiwa na taa ya mafuta na msaidizi aliyemfundisha mwenyewe. Mtu anayemfungua mwenzake tumbo, akalishona, na kesho yake akaketi kitandani kwake kumuuliza kama amepata choo, hawezi tena kuamini kirahisi kwamba mtu yule hajafikia kupiga kura. Hiyo ni dhana ya mwandishi, si kauli ya daktari. Lakini inalingana na alivyoishi kuliko ile ya kwamba alisoma mafundisho ya jamii ya Kanisa akaamua kuwa mjamaa.

Uwaziri wake ulionyesha jambo hilo likiwa sheria. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha Sheria ya Hospitali Binafsi iliyozuia matibabu ya kujipatia faida. Mashirika yaliyoidhinishwa, na hapo ndipo hospitali za dini zilipoingia, yaliruhusiwa kuendelea. Mwaka uliofuata dunia ilikutana Alma-Ata kutangaza huduma ya afya ya msingi kwa wote, na Tanzania haikuhitaji kushawishiwa: zahanati za vijijini zilikuwa tayari sera ya nchi. Sheria ya 1977 ilikuwa na walioumia. Madaktari kadhaa waliondoka, dawa zilikosekana uchumi ulipoanguka, na mwaka 1991 ilibidi milango ifunguliwe tena. Imani nzuri haimpi mtu hesabu nzuri. Hata hivyo, ukitafuta mahali ambapo uzoefu wa hospitali ya misheni ya porini uliingia moja kwa moja katika sheria za nchi, ni hapo.

Sasa yupo mtu ambaye hadithi yake inakwenda kinyumenyume. Trevor Huddleston alikuwa padri wa Shirika la Ufufuko, na kuanzia 1943 alifanya kazi Sophiatown, Johannesburg. Alipigana na ubomoaji wa mtaa ule, akampa tarumbeta ya kwanza kijana Hugh Masekela, na mwaka 1955 chama cha African National Congress kikamtunuku Isitwalandwe, heshima yake ya juu. Mwaka 1956 wakubwa wake wa shirika walimwita arudi Uingereza. Alikuwa ameweka nadhiri ya utii. Akatii.

Kwa hiyo imani yenyewe ndiyo iliyomjeruhi. Hakuna aliyemfukuza, kitabu chake cha mwaka huo huo kilimfanya maarufu duniani, na yeye alikuwa anawalea wanovisi Mirfield, mbali na watu aliowapenda. Juni 1959 alisimama Holborn Hall, London, jukwaa moja na Julius Nyerere, katika mkutano uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, ile iliyokuja kuwa Harakati ya Kupinga Ubaguzi. Mwaka uliofuata aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Masasi. Dayosisi yake ilifika hadi Nachingwea na vijiji vya huku.

Ni kawaida ya waandishi wa maisha yake kuiruka Masasi kwa kurasa chache, kwa sababu hapakuwa na tingatinga wala maaskari. Hilo ni kosa. Masasi ndiko alikojifunza kuwa kiongozi ambaye si wa lazima. Alijifunza Kiswahili, akalala vijijini, akaomba fedha Ulaya kwa ajili ya shule na hospitali ya Mkomaindo, akaishi chini ya serikali ya Waafrika ambayo hakuwa na haja ya kuipinga. Kwa mpiganaji, hilo ni gumu. Ghadhabu iliyokuwa Sophiatown ingefanya nini hapa, ambapo adui alikuwa ukame na ukosefu wa barabara? Mwaka 1968 aliondoka kwa hiari, na nafasi yake ikashikwa na Mwafrika, Hilary Chisonga. Kisha akawa askofu Stepney, London, halafu Mauritius, halafu rais wa Harakati ya Kupinga Ubaguzi hadi kura ya 1994 ilipopigwa. Alifariki mwaka 1998. Aliyetoka Masasi alikuwa mkali vile vile juu ya ubaguzi, lakini kwa miaka minane alikuwa amewahudumia watu ambao hawakuhitaji awasemee.

Dai letu linashika, basi, kwa Badi, kwa Stirling na kwa Huddleston. Linashika pia mbali na hapa. Malcolm X aliingia gerezani Marekani mwaka 1946 akiwa mwizi, akatoka 1952 akiwa mhubiri aliyeacha pombe, kokeini na nyama ya nguruwe. Waliomwinua walikuwa Nation of Islam, na siasa aliyotoka nayo ilikuwa yao: Mzungu ni shetani. Aprili 1964 alikwenda kuhiji. Aliandika kutoka Makka kwamba amekula sahani moja na Waislamu wenye macho ya buluu. Mafundisho juu ya udugu wa waumini angeweza kuyasoma miaka mingi kabla. Sahani ndiyo iliyobadili mambo. Oktoba ya mwaka huo alikuwa Dar es Salaam, akakutana na Nyerere na Abdulrahman Babu.

Kuna watu wanaoiogopa hasa nguvu hiyo ya sahani moja kuzaa siasa, na wameamua kuifungia mlango. Alcoholics Anonymous, iliyoanza Akron mwaka 1935, humtaka mlevi akiri kwamba hawezi kujiokoa na ajikabidhi kwa nguvu iliyo juu yake. Lakini kanuni zake zinakataza kundi kutoa msimamo wowote juu ya siasa. Zanzibar, ambako heroini imeharibu vijana wengi, nyumba za kuachia dawa za kulevya zimezichukua hatua hizo kumi na mbili na kuzichanganya na swala tano. Kijana anayeamka alfajiri kutawadha pamoja na wenzake ishirini katika nyumba moja anaweza kuwa CCM na anayelala kitanda cha juu ACT. Kwa visiwa ambavyo uchaguzi umewahi kugawa hata misikiti na maduka, hilo si jambo la kupuuza.

Mahali dai linapochanika ni hapa hapa Nachingwea.

Waingereza walikuwa wameacha mabaki. Kati ya 1947 na 1951 mpango wa karanga ulimeza pauni milioni 36 hivi. Msitu ulifyekwa, reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara, na karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwapa FRELIMO ardhi ya mpango ule, mahali palipojulikana kama Shamba namba 17. Pakawa kambi kuu ya kufundishia wapiganaji wa Msumbiji. Samora Machel, aliyeiongoza, alikuwa muuguzi kwa kazi, na alikuwa amebatizwa utotoni kwa sababu shule ya misheni ya Kikatoliki haikumpa njia nyingine ya kuendelea na masomo. Hakuwa na sababu ya kuikumbuka dini kwa wema.

Lakini angalia kambi ilivyofanya kazi. Waliofika walikuwa wametoroka kazi za shuruti, mijeledi ya pamba na mauaji ya ndugu zao. Walipewa nafasi ya kusimama mbele ya wenzao na kusimulia mateso yao, na wasikilizaji wakagundua kwamba Mmakonde na Mshangaan wamepigwa na mkono mmoja. Walifundishwa kuacha ukabila, mahari, uchawi na ulevi. Walijikosoa hadharani. Walilima pamoja. Wasichana walipewa bunduki. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, alikuwa mmoja wao. Walizungumza juu ya mtu mpya. Mlokole yeyote angeutambua utaratibu huo: ushuhuda, toba, kuzaliwa upya, ushirika. Jina la Mungu tu ndilo lililokosekana, na waliokuwa pale wamesema kwa miaka mingi kwamba Nachingwea iliwatengeneza.

Lakini kambi hiyo hiyo ilivunja pia watu. Uria Simango alikuwa mchungaji. Alikuwa makamu wa Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, na Mondlane alipouawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, alitarajia kuongoza. Badala yake akawekwa katika uongozi wa watu watatu pamoja na Machel na Marcelino dos Santos, akaandika waraka mkali juu ya mauaji na ukabila ndani ya chama, akafukuzwa. Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji, alisimamishwa Nachingwea mbele ya maelfu ya watu akasomeshwa maungamo marefu ya usaliti. Hakuna mahakama iliyomhukumu. Aliuawa kizuizini baadaye, na kaburi lake halijulikani. Padri Mateus Gwenjere, aliyewachochea wanafunzi wa FRELIMO kule Dar mwaka 1968, alipatwa na yale yale.

Waliokaa chini na Simango katika miaka ya shida ndio waliomsomesha maungamo. Kundi linaloweza kumwinua mtu kwa kumfanya aseme ukweli wake mbele ya wote lina chombo kile kile cha kumvunja. Hakuna mafundisho ya Ukristo wala ya Umarx yanayoeleza kwa nini katika mkutano mmoja ushuhuda ulimponya mtu na katika mwingine ukamwua, ila jambo moja linaonekana: mwaka 1967 msimuliaji wa Nachingwea aliweza kunyamaza. Mwaka 1975 hakuweza.

Tanzania ilikuwa na namna yake ya kuogopa makundi hayo. Desemba 1968 serikali iliipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na BAKWATA ikaundwa. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, sheria hairuhusu kusajili chama chenye msingi wa dini. Karatasini mpaka uko wazi. Ruangwa na Nachingwea msimu wa kampeni, mpaka huo huvukwa kila wiki. Mgombea anakaa mkekani kwenye arobaini ya mzee ambaye hakumjua. Anachangia mabati ya kanisa. Anavaa kanzu kwenye maulidi ijapokuwa Ijumaa iliyopita hakuonekana msikitini. Hatamki neno la siasa, na hana haja. Wenyeji wanahesabu kitu kingine kabisa: nani alikuja msibani kabla uchaguzi haujatangazwa, bei ya korosho ilipoporomoka nani alikuwa bado anajibu simu, na nani alilala Mnero hospitali na mgonjwa wake badala ya kutuma dereva.